Sawa Yangu Ilikuwa ya Mteja

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla hawajanibebea kiti. Mimi ni kinyozi, na si wa kubahatisha, nimenyoa mabwana harusi, mabondia na hakimu mmoja mstaafu, shule niliiacha mapema lakini dunia nimeisoma yote, ndiyo maana laini yangu ni ya kulipia mwisho wa mwezi, sihangaiki na vocha kama watu wadogo. Sasa siku hiyo simu iko spika, sauti ya mashine inauliza kama nataka kutabiriwa nyota kila saa kwa malipo, nikikubali niseme sawa, na mimi nimemshikia mteja kioo kisogoni, namuuliza, "Nyuma sawa?" naye anajibu, "Sawa sawa, fundi!" Kumbe mashine imezihesabu hizo sawa zote, ikaniunganisha! Bili ikaja ndefu kama treni, nikaicheka, nikaitupa, deni likapelekwa kwa wakusanya madeni. Dada wa huko akapiga, sauti tamu kweli, "Kaka, deni lako unalifahamu?" Mimi mtu wa adabu nikawa namwitikia, "Sawa dada, sawa, nakusikia," nasubiri amalize nimpasulie ukweli, akasema, "Ahsante kwa kukiri," akakata! Wiki ijayo eti wanachukua kiti changu cha kuzunguka. Mke wangu ananiambia, "Baba watoto, kiti kikienda utanyoa watu wamechuchumaa?" Nilipe au nibishe?

Profesa wa Visogo

Profesa, pole. Nimecheka mpaka machozi, kisha nikakasirika. Dunia umeisoma yote, bili ya ukurasa mmoja ikakushinda? Usiwapigie simu tena, mdomo wako unakuponza. Kesho funga duka, chukua kitambulisho, nenda ofisi ya kampuni ya simu. Andika malalamiko kwamba hukujiunga, nyota zifungwe hapo hapo, wakupe mchanganuo wa bili na wakusikilizishe rekodi. Nenda na yule mteja akaitambue sauti yake. Nakala igongwe muhuri, uwapelekee wakusanya madeni: deni unalipinga, na kumwitikia dada wa watu si kukiri. Kampuni ikikaidi, ishtaki kwa mamlaka inayosimamia simu. Ila simu ulizopiga mwenyewe lipa, usijifanye mjanja.

Na wakusanya madeni wakija na gari, waombe amri ya mahakama. Hawana? Mkalishe mteja kwenye kiti, mfunge kitambaa shingoni, endelea kunyoa.