Wimbo Unaopanda Ghorofani

Ukumbi wa Mabenchi,
S.L.P. 418.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu tele, na kwanza niambie afya yako. Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakificha kwa kucheka? Sisi huku tu wazima. Goti la mama linamsumbua akipanda ngazi, na mimi nimenenepa, usiulize kwa nini. Barua hii anakuletea nesi jirani yetu anayesafiri kesho. Kwenye simu wewe hugeuza kila jambo mzaha, na hili si la mzaha.

Ukumbi unataka kufungwa.

Unakumbuka tulivyouanza katika karakana ya marehemu baba, chini ya vyumba vya mama, kwa mabenchi aliyotuachia. Bado kila Jumamosi saa kumi jioni watunzi wanakuja kuimba nyimbo zao wenyewe. Bado tunazima friji mtu akianza, maana linanguruma kuliko gitaa, kwa hiyo soda zinapata moto na hakuna anayenunua. Fundi saa anasema hotelini wanamtaka aimbe za watu waliokwisha kuwa maarufu. Zake hana pa kuziimba ila hapa. Mwezi uliopita aliimba mpya, na watu sitini wametulia tuli. Ndiyo maana nang'ang'ana.

Wiki ileile manispaa ikaleta notisi: kuna mkaaji amelalamikia kelele. Afisa atakuja tarehe ishirini na nane mwezi huu na kipimo cha sauti. Fomu yao haijui ukumbi wa watunzi, wametutia kapu moja na disko. Nimebandika trei za mayai ukutani mpaka watu wananiuliza kama nafuga kuku. Usingizi umeniruka.

Mlalamikaji nilijua ni nani, au nilidhani najua. Mwenye duka la dawa, yule tunayepakana naye ukuta, nilimnunia wiki tatu nzima. Salamu zake nilikuwa nikizipokea huku naangalia viatu vyangu. Kumbe maskini hana habari.

Jumatatu iliyopita niliitwa ofisini kujieleza, na karani akafungua faili mbele yangu. Mdogo wangu, ule mwandiko naujua. Ndio ulioandika majina yetu kwenye madaftari ya shule. Nikakaa bila kukaribishwa.

Ni mama.

Nilipanda kwake kwa hasira, hata shikamoo sikutoa. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha.

"Kila Jumamosi watu sitini wanaimba kwamba sikushuka," aliniambia. "Na makofi wanapiga."

Wimbo wako, ule tunaofungia shughuli kila Jumamosi. Ule wa asubuhi uliyoondoka: ngazi kumi na moja, mama amesimama juu, hakushuka kukuaga. Miaka mitano tunaitikia sote "hakushuka, hakushuka", na mwenye makofi makubwa kuliko wote ni mimi. Sikuwahi kufikiri kwamba dari yetu ndiyo sakafu yake. Naona aibu hata kuandika.

Nikamuuliza basi kwa nini hakushuka.

"Ningeshuka, ningemshika," alisema. "Na ningemshika, asingekwenda. Si unamjua mwenyewe? Na kazi ilikuwa imeshapatikana." Akachukua shuka jingine akaendelea kukunja.

Jana nikauruka wimbo huo. Nilisema asanteni, kwaherini. Wao wakadhani nimesahau, wakauanzisha wenyewe bila gitaa, wamesimama, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia humu. Nikawapungia mikono wanyamaze, wakadhani naongoza kwaya. Huko juu nikasikia mlango wa mama unafungwa polepole. Afadhali angeubamiza.

Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Mimi unaniletea vichekesho kila wiki. Yeye huu mwaka wa pili hujampigia simu. Anakusikia kwa midomo ya watu tu, tena wanamsema yeye.

Sheria ya ukumbi uliiweka wewe, kwamba wimbo hauondolewi ila na mtunzi wake. Kwa hiyo niandikie uendelee kuimbwa au unyamaze, nami nitatii. Lakini kwanza mpigie mama. Usitaje ukumbi wala manispaa. Ukitaja tu, atajua nimekutuma, na hataamini neno lako hata moja. Anaweza kufuta malalamiko kabla ya tarehe ishirini na nane, na anaweza asifute. Asipofuta nitafunga mlango, mabenchi ya baba nitawagawia watunzi, nitalia, halafu nitazoea. Huku kunyamaziana kwenu ndiko siwezi kuzoea.

Nisalimie wifi yangu, na huyo binti yenu umbusu mashavu yote mawili. Mjomba anakusalimu sana. Fundi saa anaulizia nyuzi za gitaa ulizomwahidi. Mwenye duka la dawa nimemwomba radhi, naye anakusalimu. Mungu akulinde huko, na siku utakayoshika simu akupe ulimi mwepesi.

Mama hakuniagiza salamu. Ila leo asubuhi nimefika mlangoni naondoka, akaniuliza kama huko uliko kuna baridi.

Wako akupendaye, hasira na yote,
Dada yako