Mama Aliyeketi Kando Yangu Endabash

Dada Neema, shikamoo.

Huku Karatu asubuhi ni ukungu mtupu na baridi ya kuvaa sweta. Jana shangazi alinipeleka kanisani Endabash. Ibada ilipoisha nilibaki mbele ya msalaba, maneno ya kuomba hayaji. Mama mmoja Mmaasai akaketi kando yangu.

"Umefiwa?"

"Mwanangu."

"Mimi pia. Pale msalabani mama yake Yesu alisimama, akamwona mwanawe akifa. Mungu anakijua kilio chetu."

Dada, nililia kwa mara ya kwanza tangu tumzike Baraka. Yule mama alinishika mkono mpaka nikatulia. Leo nimemsimulia shangazi vituko vya Baraka, tukacheka.

Mkumbatie mama, umwambie sasa naweza kulitaja jina la mtoto.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema