Utando Uliokataa Kupitisha Joto

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada Rukia,

Shikamoo. Shemeji naye mfikishie shikamoo yake. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Songea? Mimi ni mzima wa mwili. Nimepiga simu mara nyingi, hupokei, wala sikulaumu. Ndiyo maana barua hii namkabidhi utingo wa basi.

Dada, siku ya harusi ya mwanao Zuhura nilikudanganya. Nilikwambia kazi iliyonizuia imefaulu. Kunizuia ilinizuia kweli, kufaulu haikufaulu.

Hapa chuoni tunatengeneza utando wa plastiki, mwembamba kama mfuko wa nailoni. Plastiki huzuia joto, ndiyo maana hutiwa kwenye mipini ya sufuria. Sisi tunataka joto lipite, ili simu na taa zisiungue kwa ndani. Tunaichanganya na fuwele kimiminika, kitu kinachotiririka kama mafuta, ndicho kilichomo hata kwenye kioo cha simu yako. Chembe zake zikilala upande mmoja, joto hupata njia. Ili zilale hivyo, nasugua kipande cha kioo kwa kitambaa cha mahameli kabla ya kumimina mchanganyiko juu yake.

Kifaa cha kupimia tuliazimwa wiki moja, na wiki hiyo ndiyo ya harusi. Nikachagua kifaa. Mnamtoa bibi harusi nje, mimi natazama joto limekwama kwenye utando, wa kwanza mpaka wa mwisho. Nikarudi chumbani, nikasonga ugali. Bado nakadiria unga wa watu wanne, kama tulipokuwa sote kwako, dada. Ulipopiga simu nikasikia vigelegele nyuma yako, ukweli ukanishinda.

Wiki iliyopita nilienda kununua mahameli nyingine kwa Mama Asha, muuza vitambaa wa mtaa wa nyuma. Nikampa kipande chetu cha zamani. Akakipitishia kiganja.

“Hiki kimechoka, mwanangu. Manyoya yamelala huku na huku. Unasugulia nini?”

“Vioo, mama.”

“Basi kinavichora kila upande.”

Nikasimama pale kama mjinga. Kumbe chembe zilikuwa zikifuata michoro hiyo. Nikasugua kwa mahameli mpya, tukaomba kifaa tena, na jana joto likapita. Mkubwa wangu wa kazi akaandika matokeo, akaenda kwake. Nikakosa wa kumwambia, nikarudi kwa Mama Asha.

“Hongera. Nyumbani umeshawaambia?”

“Nimewaambia.”

Nikatembea mpaka kituo cha Gerezani nalia, watu wananipita wanawahi mabasi ya mwendokasi.

Sikuombi useme nilichagua vyema. Harusi ya mtoto niliyembeba mgongoni haitarudiwa. Nimepewa ruhusa ya siku nne. Nitapitia kwanza kwa Zuhura, nimwombe radhi mbele ya mumewe, ndipo nije kwako.

Nisalimie mama mkwe wako, na yule jirani fundi cherehani aliyenishonea sare ya shule.

Ukiwa bado una hasira, nifungulie tu mlango. Hasira tutakaa nayo ndani, sote wawili.

Ni mimi, mdogo wako uliyenilea,
Mwanahawa