Kitambaa cha Mabawa

Najma, kaka yangu Twalha ametutia balaa.

Ile ndege yake ya mfano, ya kuiga zile za kwenye vitabu vya wasaka hazina, leo kaimaliza. Mabawa kayavika bafta nyeupe aliyoikuta sandukuni kwa bibi.

Najma, ni sanda. Sanda ya bibi mwenyewe, aliyoletewa kutoka Makka.

Bibi kalishika bawa, kalinusa, wala hakufoka. Kasema tu, "Sanda haikatwi mpaka mtu afe."

Twalha kaganda, mkasi mkononi.

"Umekata kwa kipimo cha nani?"

Twalha kanyoosha mikono kuonyesha alivyopima mabawa: kajipima mwenyewe.

Nakwambia, kajipima mwenyewe.

Bibi kakikunja kitambaa kilichobaki, kakiweka kitandani kwa Twalha.

"Sanda hii si yangu tena."