Sauti ya Mama Ndani ya Simu

Maji ya Chai,
Septemba 2006

Kaka Abdiel mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dar es Salaam, na kwamba joto la huko umeshalizoea. Sisi tunajikongoja. Tangu tumzike Mama, Baba chakula kinamshinda, na migomba hakuna aliyeigusa.

Baba ameniambia ulivyomjibu: kwamba hutakanyaga nyumbani mpaka usikie kwa masikio yako kuwa Mama hakufa na kinyongo nawe. Naye akakuahidi sauti ya Mama iliyorekodiwa. Kwa simu ningelia tu, ndiyo maana nimeandika.

Simu uliyotutumia tuliipenda. Mama aliifunga kwenye kitambaa akawaonyesha wanakwaya wenzake, akisema mwanawe siku hizi anauza simu, ingawa hakuwa amekusamehe kuacha chuo cha ualimu. Lakini mtandao wa kampuni yenu haupandi huku kwetu, unaishia barabarani. Mama alipozidiwa hakuweza kufika hata mlangoni. Jirani yetu Mama Elieza, ambaye ana laini ya kampuni nyingine ila hana simu, alituazima laini yake. Mtandao wa laini ile unashika mpaka jikoni. Tulipoiweka, simu ikaandika kwamba kadi hiyo haikubaliki. Mama Elieza akasema, "Jamani, simu gani hii ina wivu kama mume!" Mama alicheka mpaka akakohoa.

Basi akaniomba nirekodi maneno yake, asubuhi nishuke barabarani nikupigie usikilize. Asubuhi hiyo ndiyo aliyofariki.

Baba hakujua habari hiyo. Katika pilikapilika za msiba aliipeleka simu kwa fundi Koikai, kule Kijenge, avunje kufuli la kampuni ili tuwapigie ndugu tukiwa nyumbani. Alimuuliza kama kuna kitu kitaharibika. Koikai akamjibu, "Mzee, tulia. Mimi nafungua mlango tu, vyombo sigusi." Baada ya mazishi nilimweleza Baba kuhusu sauti. Alifurahi mno, akakimbilia kukuahidi kabla hatujaitafuta.

Kaka, sauti haipo. Simu sasa inakubali laini zote, lakini ndani ni tupu. Nilikwenda kwa Koikai. Alikiri kwamba simu za kampuni hiyo zimefungwa vibaya, hazifunguki bila kufuta kila kilichomo. Akasema alidhani mzee wa watu hana cha kupoteza humo.

Baba amenisihi nikuandikie kwamba Mama alikubariki na kukusamehe yote. Nimejaribu, mkono umekataa. Mimi ndiye niliyemshikia simu mdomoni, na alichosema ni hiki: "Abdiel, bado nimekukasirikia. Usingoje nipoe. Njoo hivyo hivyo."

Hapo nikazima. Sina cha kukuthibitishia. Ila ningekuwa natunga, ningetunga maneno matamu kuliko hayo.

Baba anakusalimu, hajui nilichoandika. Mama Elieza anakusalimu, na wanakwaya wote wanauliza habari zako. Mimi naendelea na masomo, na kitanda chako nimekitandika. Mungu akulinde njiani, ukiamua kuianza hiyo njia.

Mdogo wako akupendaye,
Irine