Rangi Nyekundu Kwenye Skrubu

Morogoro, 16 Juni 2024

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Ufipa haijakurudishia kile kikohozi. Mimi mwili unanibeba. Kaka Felisiani ndiye nisiyejua nikuandikieje habari zake.

Nimekupigia simu wiki nne, haipatikani. Kasmir, dereva wa lori la Fuso, ndiye aliyeniambia umeizima na kuifungia kwenye sanduku la spana, na kwamba mwenye neno na wewe aandike. Basi naandika.

Wamemtoa wodini. Si kwa kuwa amepona, ila hawana la kuongeza. Mgongo ulivunjika kwenye ile ajali, na miguu haisikii hata ukiifinya. Nimemlaza kitandani kwangu, mimi nalala chini. Kutwa anatazama dari. Gari likisimama nje anauliza, "Baba amefika?" Namwambia bado.

Njoo, baba. Ningekuwa na maneno mazuri zaidi ya kuombea ningeyatumia.

Mwanao,
Getruda

*

Sumbawanga, 25 Juni 2024

Getruda,

Milele na milele, amina. Marahaba. Kikohozi kipo, si habari ya kuandikiana.

Gereji nimefunga. Watu wanaleta magari kutoka Matai na Chala, wanakuta kufuli, wanarudi nayo yakiwa yanakohoa vilevile.

Unaniambia nije. Nije nimkalie kitandani nisijue kilichomvunja? Ile Corolla tumehangaika nayo miaka miwili, mimi na kaka yako. Viti vya nyuma tuling'oa, springi fupi tukafunga, breki tukaweka za gari kubwa. Kabureta nikaiseti mwenyewe kwa sikio, kama nilivyofanya miaka arobaini, kisha skrubu za mfuniko wake nikazipaka ile rangi ya kucha nyekundu aliyoiacha marehemu mama yenu. Unaijua sheria ya gereji yangu: palipo na rangi hapaguswi, mpaka nifungue mwenyewe. Kwenye kile kiwanja cha ndege kilichoachwa, njia ya Chala, ameikimbiza Jumamosi tisa na haikukwama hata mara moja.

Siku ya kwanza kushushwa huko kwako, kwenye hiyo siku ya kukimbiza magari uliyomwitia wewe, imekufa na kumvunja. Na asubuhi hiyo wewe ndiwe uliyebadilisha oili. Bolti ya oili uliikaza?

Nataka injini iletwe kama ilivyo. Nikishaiona ndipo nitajua kama nina safari.

Baba yenu

*

Morogoro, 3 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nashukuru umejibu, hata kama jinsi ulivyojibu imeniuma. Habari za majirani, na ulezi umekubali mwaka huu? Huku joto halijapungua.

Bolti niliikaza, na Felisiani akaikagua nyuma yangu. Unajua alivyo.

Yale hayakuwa mashindano, baba. Ni barabara ya ndani ya shamba la mkonge, lami safi, inazunguka na kurudi ilipoanzia. Kila mtu analeta gari lake la kawaida alilolitengeneza, anakimbia zamu yake peke yake, anatoka kulipoza, anarudi. Yeye alizunguka mara tatu, akatoka, akakaa kivulini na helmeti magotini. Zamu ya pili, kwenye kona, injini ikakwama ghafla. Magurudumu ya nyuma yakakataa kuzunguka, gari likaenda ubavu mpaka kwenye kalavati la zege. Nilikuwa nimesimama pale pale na chupa yake ya maji.

Injini haina cha kukuambia. Nakupigia magoti, iache huku. Mgongoni ameanza kidonda cha kulala. Anachohitaji ni mikono miwili zaidi ya kumgeuza, na mtu wa kumfanya acheke. Mimi sijui kumchekesha. Wewe unajua.

Mwanao,
Getruda

*

Sumbawanga, 14 Julai 2024

Getruda,

Marahaba. Nimesoma.

Maisha yangu yote injini ndizo zinazoniambia ukweli, watu ndio wanaonificha. Mtu anayenikataza kufungua injini ana kitu ndani yake. Umekificha wewe, na unajua nitakijua.

Mfuko alioubeba Kasmir ni unga wa ulezi, uji wa mgonjwa. Usichanganye na mahindi.

Injini kwanza.

Fundi Baltazari

*

Morogoro, 20 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Ni mwezi na zaidi tangu barua yako. Uliisaini Fundi Baltazari, kama unayemwandikia mteja, nikashindwa kujua nakujibu nikiwa nani. Naamua kuendelea kuwa mwanao.

Umeshinda. Nimempa Kasmir injini akuletee. Kabureta haipo, ilipasuka kwenye ajali tukaitupa.

Nakiri pia. Bolti ya oili sikuikaza. Niliifanya kazi hiyo nikiwa na haraka, nikaiacha imeshikilia nyuzi mbili, oili ikamwagika njiani, injini ikakauka. Niliogopa kukuambia. Ni mimi, si mwingine. Nilaani, nifute nyumbani, jina langu lisitajwe mezani. Ila sasa unajua, na ulisema ukijua utakuja. Basi njoo. Huna haja hata ya kuifungua.

Felisiani amekonda. Kidonda ukikitazama unaona mfupa. Uji wa ulezi ndio pekee anaomaliza. Juzi aliniuliza kama baba amemkasirikia kwa kuharibu gari. Nilitoka nje nikalia kwenye bomba la maji.

Mwanao, ukinikubali bado,
Getruda

*

Sumbawanga, 31 Agosti 2024

Mwanangu Getruda,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Sijui kama ninayo haki ya kukuita hivyo, lakini nimekwisha kuandika na sifuti.

Injini ilifika Jumanne. Jumatano niliifungua.

Bolti ya oili imelegea kweli, ila imelegezwa na spana juzi juzi, chuma bado kinang'aa pale ilipoteleza. Ni wewe uliyeilegeza. Beringi ni nzima, zinateleza kama mpya. Injini iliyokosa oili haiachi beringi hivyo, na wewe uliyekulia gerejini kwangu unalijua hilo kuliko vijana wote niliowafundisha. Pistoni ya tatu imeyeyuka kichwani ikang'ang'ania silinda. Plagi zote nne ni nyeupe. Hiyo ni hewa nyingi, petroli kidogo.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikaa mpaka Rhoda jirani akaja kugonga akidhani nimeanguka.

Huku juu hewa ni nyepesi, mwanangu. Jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli, zikiwa kubwa zinaizamisha injini, ndiyo maana naweka ndogo, na magari yangu yote yanazaliwa na kuzeeka huku huku. Ile Corolla mliishusha ikiwa imepakiwa kwenye Fuso, imezimwa, mpaka kwenye hewa nzito ya huko chini, na kabureta nimeifunga mimi na kuipaka rangi mimi. Sikufikiri. Sikuwahi kushuka huko hata kwa harusi. Nimemvunja mwanangu mgongo kwa sikio langu lile lile ninalojivunia, kisha miezi mitatu nimekuacha peke yako na yeye, nikikutafutia kosa.

Ulitaka kulibeba wewe. Nani alikufundisha kudanganya kwa namna hiyo?

Niambie jambo moja tu. Yeye anajua? Kama anajua, sitakuja. Sina macho ya kumtazama nayo.

Baba yenu

*

Morogoro, 5 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, naijua.

Anajua. Alijua kabla ya ajali. Alipotoka ile zamu ya kwanza aliniambia injini inagonga, petroli haitoshi. Kulikuwa na jamaa mwenye jeti kubwa kwenye boksi lake, akasema chukueni, kazi ya dakika kumi. Nilishika bisibisi. Felisiani akaweka kiganja juu ya kabureta, ilikuwa ya moto, hakukiondoa. Akasema, "Hiyo ni rangi ya mama. Anafungua baba." Akasema ataendesha polepole. Ungemwona alivyoingia kwenye ile kona, baba, hakuwa polepole, gari lilikuwa linamkubali.

Ningeweza kumnyang'anya. Mimi ni dada yake na nilikuwa na bisibisi mkononi. Nami niliiogopa ile rangi. Sote wawili ni watu wazima na tuliiogopa. Hilo ndilo kosa langu, na ni la kweli, kwa hiyo sikukudanganya kwa yote.

Kwenye kalavati, kabla hajajua kuwa miguu haisikii, neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba asijue." Nimelitunza mpaka wewe mwenyewe ulipolifungua.

Sasa sikiliza. Kidonda kimeingia ndani. Homa haijashuka tangu Jumatatu, na daktari anasema damu imeshachafuka. Nimemsomea barua yako yote, nisamehe. Alifumba macho nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Kabureta si ipo chini ya kitanda?" Ipo, sikuitupa, rangi haijabanduka. Akasema, "Mwambie aje na bisibisi yake ndogo, ile ya mpini wa mti. Tuifungue wote."

Amekuita, baba. Usiniandikie tena. Panda basi.

Mwanao,
Getruda

*

Ujumbe wa simu, 9 Septemba 2024, saa 6:20 mchana

Mwanangu Getruda, habari za hapo na mgonjwa anaendeleaje. Simu nimeiwasha. Nililala Mbeya, sasa hivi tumemaliza kushuka Kitonga. Masikio yameziba na kufunguka mara tatu na joto limejaa ndani ya basi. Hewa ya huku unaisikia hata kifuani, mtoto mdogo angeijua. Bisibisi ninayo mkononi, kondakta kanitaka niiweke kwenye begi nimekataa. Mwambie Felisiani nimekaribia. Ukishamwambia nijibu. Baba yenu

*

Ujumbe wa simu, 9 Septemba 2024, saa 11:05 jioni

Nimeshuka stendi Morogoro. Ujumbe wa mchana hukuujibu, na sasa nakupigia, simu yako inaita tu haipokelewi. Nimesimama getini, nina koti la baridi na begi la kijani, utaniona. Nijibu mwanangu. Baba yenu