Kifaa Kimeiona Fimbo

Jumanne, Nyasho

Kumbe tatizo ni fimbo. Leo kocha alinifunga kifaa kiunoni, kinachotetemeka ukikimbia umeegemea upande. Kilitetemeka upande wa kulia mpaka nikakasirika. Halafu nikajitazama: mkono wa kulia hauchezi kabisa, kama vile bado nimeshika fimbo ya kuchungia ng'ombe kule Mugeta.

Nikaulegeza. Kikanyamaza mzunguko mzima wa uwanja. Sijawahi kukimbia mwepesi hivyo! Naogopa tu mchujo wa mkoa Jumamosi, maana kifaa hakiruhusiwi na mkono unaweza kusahau.

Jioni nikampigia baba, nikamweleza yote.

"Hiyo nilikuwaga naiona tangu uko darasa la nne," akasema.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ng'ombe walikuwa wanarudi wote."